Mzee Anaporejea Lugha ya Utotoni

Katika maandishi mengi yahusuyo utamaduni wa taifa letu, mzee hutajwa kuwa ni hazina. Huitwa ghala la mila, kisima cha hadithi, chemchemi ya methali. Sisi pia tumepata kuyatumia maneno hayo, katika hotuba tulizoagizwa kuziandaa kazini na katika mashairi yetu, wala hatuna nia ya kuyakanusha leo. Lakini sifa hizo zina sharti moja ambalo aghalabu halisemwi, nalo ni kwamba mzee huyo awe anakumbuka. Mzee anayetaja majina ya mababu hadi kizazi cha saba, anayejua dawa ya mti huu na mwiko wa mto ule, huyo tunamketisha kwenye kigoda na kumwekea kinasa sauti mbele yake. Je, yule aliyelisahau jina la mwanawe wa kwanza tunamweka wapi katika utamaduni wetu?

Kiswahili hakikosi maneno ya kumwelezea. Husemwa amerejea utotoni, akili zimemhama, amechanganyikiwa, uzee umemzidi nguvu. Ni maneno yenye huruma kwa kiasi chake, na kwa muda mrefu yalitutosha. Hata hivyo yote yanaeleza hali ya mtu, na hakuna hata moja linalotaja ugonjwa. Hapo ndipo penye tatizo, maana jambo lisilohesabiwa kuwa ugonjwa halipelekwi hospitali, wala halitengewi fungu katika bajeti, wala halifundishwi darasani.

Ugonjwa wenyewe umekwisha kujulikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, daktari wa Kijerumani aitwaye Alois Alzheimer alimpokea mama mmoja mwenye umri wa miaka 51 ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zinapukutika. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini. Akakuta madoa yaliyojikusanya baina ya seli, na ndani ya seli zenyewe akakuta nyuzi zilizosokotana. Mwaka 1910 ugonjwa huo ukapewa jina lake. Leo wataalamu wanajua kuwa madoa yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Demensia ni jina la jumla la kuharibika kwa kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujitunza. Huweza kuletwa na mambo kadhaa, kikiwemo kiharusi, lakini ugonjwa wa Alzheimer ndio unaosababisha asilimia 60 hadi 70 ya hali hizo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, na wengi wao, zaidi ya asilimia 60, wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo wale wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu waliostaafu hawajaelezwa vema.

Ni vizuri pia msomaji afahamu namna ugonjwa huu unavyotembea, kwa sababu yote tutakayoyasema hapa chini yanategemea jambo hilo. Mara nyingi huanza kushambulia sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya. Kwa hiyo mgonjwa husahau alichokula asubuhi, lakini hukumbuka njaa ya utotoni mwake na majina ya waliogawana naye kiazi. Ya jana hutangulia kuondoka, ya zamani hukawia. Na lugha ni miongoni mwa mambo hayo.

Mama yetu mzazi alikuwa Mmbugu. Wambugu ni watu wachache wakaao katika milima ya Usambara, wafugaji wa ng'ombe tangu asili, wanaoishi katikati ya Wasambaa. Lugha yao inajulikana zaidi kwa wataalamu wa isimu wa vyuo vya ng'ambo kuliko inavyojulikana pale Korogwe, kwa sababu ya ajabu yake: sarufi yake ni ya Kibantu, inakaribiana sana na Kipare, lakini sehemu kubwa ya maneno yake ina asili ya Kikushi. Vitabu vizima vimeandikwa juu yake. Baba yetu alikuwa Msambaa. Nyumbani tulisemeshwa Kisambaa, shuleni Kiswahili, na Kimbugu kikabaki kuwa lugha ya mama na nduguze wanapokutana msibani au mnadani. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya ndoa nyingi za namna ile, na hakuna aliyeuona huo kuwa upungufu.

Mama alianza kubadilika mwaka 2014 hivi. Aliuliza jambo moja mara nne kabla chai haijapoa. Akawa anaunguza maharage, yeye ambaye jiko lake lilikuwa mfano kwa wakaza wana wa kijiji. Mwaka 2016 alipotea njia ya kisimani, njia aliyoipita kwa miaka hamsini. Majirani walisema ni uzee, na kwa kadiri ya maneno tuliyokuwa nayo sote wakati ule, hawakuwa na jambo jingine la kusema.

Mwaka uliofuata Kiswahili kikaanza kumtoka. Alikuwa amekipata ukubwani, sokoni na katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, mahali alipojifunza kuandika jina lake na kulionea fahari. Kikaondoka kwanza Kiswahili, halafu Kisambaa cha ndoa yake kikawa kinakatika katikati ya sentensi, kama mtu avuaye nguo alizovaa, ya juu kabla ya zile za ndani. Mwishoni akabaki na Kimbugu. Naye alikuwa anakisema vizuri, kwa ufasaha na kwa haraka, akiwa amezungukwa na watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja ambao hakuna hata mmoja aliyemwelewa.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Wapo wanaodhani kwamba lugha ndogo ikikosa wasemaji hasara yake ni ya kumbukumbu za taifa tu, hasara ya makavazi. Siku tatu mfululizo mama alirudia sentensi moja, kila jioni, akisimama mlangoni na kulia. Dada yetu mkubwa, aliyekuwa anamtunza, alimpa uji. Alimpa dawa ya maumivu. Alimfunika blanketi, alimpeleka msalani, alimshika mkono. Sentensi ikarudi palepale. Siku ya nne alipita mzee mmoja wa Kimbugu aliyekuwa anatoka mnadani, ambaye kwa desturi tunamwita mjomba kwa kuwa ni wa ukoo wa mama. Akasimama uani, akasikiliza, akavua kofia.

"Anauliza kama ndama wamefungwa," alisema. "Anasema mvua inakuja na baba yake atamchapa."

Mjomba alimfundisha dada yetu jibu lake, maneno matatu tu. Jioni ile mama aliposimama mlangoni, dada akayasema. Mama akamtazama, akaketi, akala, akalala mpaka asubuhi. Ndama wenyewe walikwisha kufa miaka sabini iliyopita, na babu yetu naye yuko kaburini. Lakini swali lilikuwa swali la kweli, na lilihitaji jibu.

Tulipompeleka hospitali, na hapa hatutaitaja ni ipi, alipokewa na muuguzi kijana mwenye adabu. Alimwamkia shikamoo, akamwekea kiti, kisha akaanza kumpima kwa karatasi. Leo ni tarehe ngapi? Hapa ni hospitali gani? Hesabu kurudi nyuma kuanzia mia moja, ukipunguza saba kila mara. Kipimo cha namna hiyo kilichoenea zaidi duniani kilitungwa Marekani mwaka 1975, kwa watu waliopita shule na wanaoishi kwa kalenda ya ukutani. Mama yetu hakupata kupunguza saba katika mia hata alipokuwa na akili zake zote. Alihesabu ng'ombe kwa rangi na kwa mama zao. Alipoyajibu maswali kwa Kimbugu, iliandikwa katika kadi yake: "Anasema maneno yasiyo na maana." Ukweli ni kwamba maneno yale yalikuwa na maana kamili kwa watu elfu kadhaa waliokuwa mwendo wa saa chache kutoka pale. Lugha ya mama ilihesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa wake, akaandikiwa dawa ya kumtuliza.

Hatumlaumu kijana yule. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120, na hakuna muuguzi anayeweza kuzijua zote. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na sisi tunaoandika mashairi kwa Kiswahili ni wa mwisho kukinung'unikia. Tunalosema ni kwamba ugonjwa huu una tabia ya kumrudisha mtu nyuma ya Kiswahili, mahali ambapo taifa bado halijajiandaa kumpokea.

Inatupasa kusema wazi kwamba wapo waliolifanyia kazi jambo hili hapa hapa nchini. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kwamba asilimia 6.4 kati yao walikuwa na demensia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Waliohojiwa katika wilaya hiyo hiyo, wengi waliiona hali hiyo kuwa ni sehemu ya kawaida ya uzee, na wengine waliihusisha na laana au uchawi. Kilichotufurahisha zaidi ni kwamba kazi hiyo ilizaa kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huombwa apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, aeleze daraja ni kitu gani. Tunaamini mama yetu angekaa vizuri mbele ya njiti za kiberiti. Na kuhusu wanyama, angeanza na ng'ombe, na pengine dakika ingekwisha bado yumo katika ng'ombe.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Mwanamke mzee asemaye peke yake usiku kwa lugha isiyoeleweka na jirani. Atembeaye nje bila nguo asijue. Aingiaye nyumba ya mtu akidhani ni yake. Amwitaye mtoto wa jirani kwa jina la marehemu. Mbele ya daktari hizi ni dalili. Katika vijiji vingi ni ushahidi. Katika mikoa ya Usukuma wanawake wazee wengi wamepata kuuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia samadi. Nchini Kenya, mwezi Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu katika kaunti ya Kisii kwa tuhuma za uchawi. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928, lakini hakimu hufika baada ya kiberiti.

Kwetu halikufika huko, Mungu ni mwema. Lakini mama mmoja jirani alianza kusema kwamba bibi kizee ananuizia usiku. Mwanamke huyu alikuwa ameishi na mama kwa miaka ishirini, wameazimana chumvi na kusaidiana msibani. Kilichombadilisha ni kusikia maneno asiyoyajua yakitoka gizani. Mtu wa kabila kubwa akipayuka usiku, walau jirani husikia kuwa anamwita mumewe. Mtu wa kabila dogo akipayuka, husikika uganga. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa busara, alimwita mjomba wa Kimbugu aje kueleza mbele ya watu kumi yale aliyokuwa anayasema mama. Mjomba akayataja moja moja: ndama, mvua, kisu cha baba kilichopotea, jina la dada yake aliyekufa kwa ndui. Mama jirani akainama. Kesho yake alileta maziwa.

Shida hii ya watu wachache kuugua mbele ya watu wengi haiko kwetu tu. Nchini Marekani wazee weusi hupatwa na maradhi haya mara mbili hivi kuliko wazee weupe, na sababu zinazotajwa ni pamoja na shinikizo la damu, kisukari, na shule duni walizosomea enzi za ubaguzi. Uswidi kuna Wafini wengi waliohamia huko kufanya kazi viwandani baada ya Vita Kuu ya Pili. Walipozeeka na kupata demensia, Kiswidi chao kikaondoka, na wakawa mabubu mbele ya waliowaosha na kuwalisha. Serikali ya nchi hiyo, ambayo iliwatambua Wafini kuwa mojawapo ya jamii ndogo za kitaifa, ilitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 2010, inayowapa wazee haki ya kutunzwa kwa Kifini katika wilaya zilizoainishwa. Uswidi ni nchi tajiri, na hatusemi tuige kila kitu chake. Hata hivyo fikra iliyomo ndani ya sheria ile haina gharama kubwa: kwamba kumwelewa mgonjwa ni sehemu ya tiba.

Kwa sababu makala hii itasomwa na walimu, tungependa kuongeza habari moja kutoka India. Katika mji wa Hyderabad watafiti waliwachunguza wagonjwa 648 wa demensia, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliokuwa wanasema lugha mbili au zaidi walianza kuugua wakiwa wamechelewa kwa miaka minne na nusu hivi kuliko wenye lugha moja, hata miongoni mwa wasiojua kusoma. Wataalamu bado wanabishana juu ya jambo hilo, na haifai kulifanya kuwa dawa. Lakini ni ajabu kwamba kile tulichozoea kukiadhibu shuleni, mtoto kufungwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani, huenda ni akiba ya ubongo wake wa miaka sabini ijayo.

Kadhalika mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza kwamba karibu nusu ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kwa kuyashughulikia mambo 14, yakiwemo elimu duni ya utotoni, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, uziwi na upofu usiotibiwa, na upweke. Mengi ya hayo ni kazi za kawaida za zahanati na shule zetu. Dawa mpya zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024 huchelewesha tu kuzidi kwa ugonjwa katika hatua za mwanzo, nazo ni ghali mno, tusikae tukizingoja.

Mzigo wa utunzaji unaangukia wanawake, na hili tunalisema kama mashahidi. Sisi ndugu wa kiume tulituma fedha kila mwisho wa mwezi, tukasifiwa kwa hilo. Dada yetu aliacha biashara yake ya mboga pale Lukozi na kwa miaka saba hakulala usiku mzima. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa ndiyo tegemeo la msingi la mzee. Ni kweli, ila familia katika sentensi ile mara nyingi ina maana ya binti mmoja au mkaza mwana mmoja, ambaye hakuna aliyemfundisha kwamba mgonjwa asibishwe, kwamba swali la ndama lijibiwe, kwamba vyombo vyake vikae mahali pamoja, kwamba tusi litokalo kinywani mwake ni la ugonjwa. Mambo haya mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuyaeleza kwa alasiri moja, chini ya mwembe.

Na mwalimu naye ana nafasi yake. Mwanafunzi akiambiwa aandike maneno hamsini ya lugha ya bibi yake, yahusuyo njaa, kiu, baridi, maumivu, hofu, haja, na majina ya ndugu, huyo anafanya zoezi la isimu, na pia anaandaa kitu kitakachohitajika nyumbani. Aandike kabla bibi hajaanza kuuliza tarehe.

Dada yetu alifanya hivyo katika daftari la mistari la kurasa 64. Kila mjomba alipopita, alimtolea kiti na kalamu. Upande wa kushoto aliandika neno kama alivyolisikia, upande wa kulia maana yake kwa Kiswahili, na pembeni jibu linalomtuliza mama. Hadi mama alipofariki, mwaka 2021, maneno yalikuwa yamefika 140 na kitu. Miezi minane baadaye walikuja watu wa ukoo mwingine kutoka upande wa pili wa bonde. Baba yao alikuwa amefika mahali alipokuwa mama, na walikuwa wamesikia habari za daftari. Waliondoka nalo, wakalirudisha baada ya mwaka na nusu. Ndani yake tulikuta maneno 23 mapya kwa mwandiko wa mtoto wa sekondari, na matatu ya dada yetu yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu.